Darsa ya Ramadhani, Siku ya 17: Kufunga Ziwa na Kufunga Ramadhani



Ndugu zangu na dada zangu, wazee wetu wa Mazwi na wote mnaotusoma kutoka Sumbawanga mjini, Namanyere, Kirando, Laela na kwingineko. Alhamdulillah tumefika siku ya kumi na saba. Darsa ya leo ni ndefu kidogo kuliko ya jana, nisameheni. Asiye na nafasi sasa aisome baada ya Adhuhuri, akiwa amejipumzisha.

Nianze na mwezi. Siku tatu nne zilizopita mwezi ulikuwa mpevu, mmeuona wenyewe mlipotoka tarawehe. Waliokulia kule chini ziwani wanajua maana yake. Wavuvi wa dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika wanavua usiku kwa taa. Dagaa anafuata mwanga, na migebuka anamfuata dagaa. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa ya mvuvi haina nguvu tena, kwa hiyo siku hizo mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa na watu wanalala nyumbani. Ndiyo maana wiki hii ukienda sokoni samaki ni wa kutafuta. Na majirani zetu Wakristo nao wako kwenye Kwaresima, nao wanamtaka samaki huyo huyo.

Nenda pwani sasa, Unguja na Pemba. Mwezi ule ule ukiwa mpevu, kule linakuja bamvua. Maji yanakupwa mbali sana, mchanga na miamba inabaki wazi, na kina mama wanashuka na kikapu na kijiti kutafuta chaza, kombe na pweza. Kwa sisi watu wa nyanda za juu, chaza ni mdudu wa baharini mwenye magamba mawili yanayofunga kama kijaluba, nyama yake ipo ndani. Na kwa atakayeuliza, madhehebu yetu ya Shafi yanahesabu kinachoishi baharini tu kuwa ni halali.

Mwezi mmoja, huku unafunga, kule unafungua. Mwenyezi Mungu ameumba hivyo. Lakini ipo aina nyingine ya kufunga, ambayo binadamu wenyewe wanakaa na kuipanga. Hiyo ndiyo darsa ya leo.

*Swali la mama mmoja*

Mnakumbuka mwaka 2024. Nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilikuwa zimekubaliana kulipumzisha ziwa. Kwetu uvuvi ulisimama kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa. Miezi mitatu. Sababu ilielezwa: samaki wamepungua, wapewe nafasi wazaliane na wakue.

Mimi Ijumaa moja nikapanda mimbari nikalizungumzia. Nilijiona nimeandaa hotuba nzuri. Nikataja aya ya 41 ya Suratu Rum, kwamba uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Nikahimiza subira. Nikasema anayevua kwa siri anawaibia watoto wake mwenyewe. Watu wakaitikia vizuri, nikashuka.

Nje akanisubiri mama mmoja, mtu mzima kuliko mimi. Biashara yake ni migebuka mikavu. Anaifuata Kirando, anaipandisha huku, na mtaji wake ni wa kukopa kwenye kikoba. Akaniamkia kwa heshima, mimi mdogo wake, kisha akasema:

"Ustadhi mwanangu, umesema vizuri. Mimi nimefunga Ramadhani arobaini na kitu, kufunga nakujua. Lakini Ramadhani nafunga nikijua jua litazama saa ngapi na nitafuturu nini. Hii ya ziwa nafuturu nini? Na wewe, kabla hujapanda pale juu, ulimuuliza nani kati yetu?"

Nikamwambia, mama, subira.

Akasema, "Subira nnayo. Unga sina."

Ndugu zangu, nina cheti cha madrasa na nina stashahada ya ualimu. Nilikosa jibu. Nilikuwa nimezungumza habari za samaki, za ziwa na za serikali, na katika maandalizi yangu yote sikumuuliza mtu hata mmoja anayeishi kwa samaki. Na wapo safu ya pili nyuma yangu kila siku.

*Leo ni siku ya Badri*

Leo ni tarehe 17 Ramadhani, siku ya Badri. Kila mwaka tunahadithia wale mia tatu na kidogo, na Malaika waliowasaidia. Mwaka huu nataka tutazame jambo dogo lililotokea kabla ya vita.

Waandishi wa sira wanasimulia kuwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alipofika Badri alipiga kambi mahali fulani. Sahaba mmoja wa Madina, Al-Hubab bin Al-Mundhir, akamwendea na kuuliza: mahali hapa ni amri ya Mwenyezi Mungu, hatuna ruhusa ya kusogea, au ni rai na mbinu za vita? Mtume akamjibu kuwa ni rai. Basi Al-Hubab akaeleza kuwa pale hapafai, wasogee mpaka kwenye kisima kilicho karibu zaidi na adui, wao wapate maji na adui wayakose. Mtume akaikubali rai yake, jeshi zima likahama.

Hebu tulitafakari hilo. Anayeuliza ni mtu wa kawaida. Anayeulizwa anateremshiwa wahyi. Na wala hakumwambia, "Wewe ni nani?" Alimsikiliza kwa sababu yule alivijua visima.

Na lipo jambo kubwa zaidi. Amri ya kushauriana na watu iliyomo Aali Imran, aya ya 159, iliteremka baada ya Uhud. Na Uhud Mtume alikuwa ameshauriana na Masahaba, wengi wakataka kutoka nje ya mji, akawafuata, na Waislamu wakaumia vibaya sana. Mtu angetegemea baada ya hapo aambiwe, usiwaulize tena. Akaambiwa awasamehe, awaombee msamaha, na ashauriane nao. Maana yake shura haifutwi kwa sababu safari moja imeleta hasara. Na katika Suratu Shura, aya ya 38, mashauriano yametajwa katikati ya Swala na kutoa. Sisi tunaswali, tunatoa, halafu lile la katikati tunaliruka.

*Funga yenye haki ina mambo manne*

Lugha yetu imetupa neno moja kwa mambo mawili. Tunafunga Ramadhani, na tunafunga ziwa. Nimelifikiria sana swali la yule mama, nikaona jibu limo ndani ya saumu yenyewe. Tazameni Mwenyezi Mungu alivyotufungia.

La kwanza, kilichofungwa hakikuwa haramu. Maji ni halali, chakula ni halali. Tunaviacha kwa muda tu. Kadhalika samaki ni halali, na mvuvi si mhalifu. Anayemzuia mvuvi kwa lugha ya kumfanya mwizi amekosea tangu neno la kwanza. Na hapa najisema mwenyewe.

La pili, mwanzo na mwisho vinajulikana. Hakuna anayefunga bila kujua Magharibi.

La tatu, zipo nyudhuru. Mgonjwa, msafiri, mjamzito, mzee asiyeweza, kila mmoja ana hukumu yake. Sheria imewatazama watu kama walivyo.

La nne, ipo futari. Na anayemfuturisha aliyefunga anapata mfano wa ujira wake. Yaani funga ya mmoja ni kazi ya jirani yake pia.

Sasa ipime funga yoyote ya ziwa au bahari kwa mizani hiyo. Kama ina la kwanza na la pili, lakini haina la tatu na la nne, mama wa migebuka atabaki na swali lake, na swali lake ni la haki.

Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alilielewa hilo. Yeye alikuwa na hima, yaani malisho yaliyozuiliwa kwa ajili ya ngamia wa umma. Imo katika Sahihi Bukhari kwamba alimwekea msimamizi, Hunay, na akampa maelekezo. Akamwambia awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache awaruhusu waingie. Lakini mifugo ya Abdurrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan aizuie. Kwa nini? Kwa sababu wale wakifiwa na mifugo wana mitende na mashamba ya kurudia. Huyu mwenye wachache wakimfia, atakuja kwa Umar na watoto wake analia. Na Umar akakiri wazi kuwa wenyeji wanaona wamedhulumiwa, kwa kuwa ardhi ile ni yao.

Kiongozi mkubwa namna ile anazuia malisho kwa maslahi ya wote, na papo hapo anakiri kuwa kuna anayeumia, anamjua kwa sifa zake, na anamfungulia mlango. Huo ni upangaji. Siku hizi vikaoni wanawaita watu hawa wadau.

*Walivyofanya ndugu zetu wa pwani*

Mfano wa kwanza ni Fumba na Bweleo, kusini magharibi mwa Unguja, katika ghuba ya Menai. Kina mama wa kule wameokota chaza tangu bibi zao. Ikafika wakati chaza wakawa wadogo na wa kutafuta mbali. Katika miaka ya 2000, wanavijiji na wataalamu walikaa pamoja, na kina mama wenyewe wakiwemo, wakakubaliana sehemu fulani za ufuo ziachwe bila kuokotwa ili chaza wakue na kuzaa, na sehemu nyingine ziendelee kutumika. Wakaongeza na kazi nyingine, wakajifunza kufuga chaza na kukuza lulu ili kufunga sehemu ile kusiwe njaa. Lulu, ndugu zangu, ile iliyotajwa katika Suratu Rahman.

Kwa nini nimesema kina mama wenyewe? Kwa sababu ukiitisha kikao cha uvuvi, wanakuja wenye boti na nyavu. Wanakaa wanaume, wanapanga mambo ya mwamba na mchanga, na anayeujua mchanga ule kwa nyayo zake hayupo, yuko kwenye maji kupwa anatafuta kitoweo. Kikao hakiwezi kupangwa saa ya bamvua halafu mkasema kina mama hawakutaka kuja.

Mfano wa pili ni pweza. Pweza ana maisha mafupi, hata miaka miwili hafiki. Jike anataga mara moja tu, anayalinda mayai yake mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Subhanallah, hata mama wa pweza. Na akiwa mdogo anakua haraka sana, kwa hiyo ukimwacha miezi michache unamkuta mwingine kabisa. Wavuvi wa Andavadoaka kule Madagaska mwaka 2004 walijaribu kufunga sehemu moja ya mwamba kwa miezi kadhaa, walipofungua wakavuna pweza wakubwa, na vijiji vingine vikaiga. Kati ya 2015 na 2016 Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, nao wakaanza. Hawafungi bahari yote. Wanafunga sehemu waliyoichagua wenyewe, wanailinda wenyewe, wanatangaza siku ya kufungua, na siku hiyo kijiji kizima kinashuka. Ni kama Idi.

Mfano wa tatu unatuhusu sisi maimamu. Magharibi ya Pemba kuna kisiwa kidogo kinaitwa Misali. Wazee wa kule wanahadithia kuwa Nabii Khidhri, wao wanamwita Hadhara, aliwatokea wavuvi akaomba msala wa kuswalia. Hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa hiki kiwe mithali ya msala. Hiyo ni hadithi ya wazee, tuichukue hivyo. Lakini mwaka 1998 kisiwa kikatengwa kuwa eneo la hifadhi, sehemu moja ikafungwa kabisa na sehemu kubwa ikaachwa kwa wavuvi. Walipoona maneno ya sheria peke yake hayaingii mioyoni, wakawaendea masheikh na walimu wa vyuo vya Qurani, nao wakawafundisha wavuvi kwa aya: kwamba sisi ni makhalifa katika ardhi, kwamba kila kitu kimewekwa kwa mizani. Baruti na sumu vikawa vinazungumzwa msikitini.

*Shura haimpi mtu ruhusa ya kutoboa jahazi*

Sasa nisieleweke vibaya. Asitokee mtu akasema, mimi sikuulizwa, kwa hiyo nitavua usiku wa manane.

Mnaijua hadithi ya jahazi, aliyoipokea Nuuman bin Bashir, imo katika Bukhari. Watu wamepanda chombo, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakitaka maji lazima wapite kwa wa juu. Wakasema, tukitoboa tundu sehemu yetu hatutawasumbua wenzetu. Wakiachwa, wote wanazama. Wakizuiwa mikono, wote wanaokoka.

Sisi masheikh tunapenda kuishia kwenye kuzuia mikono. Lakini hebu tuwatazame wale wa chini. Hawakutaka kumdhuru mtu, walikuwa na kiu. Na wa juu ndio waliokaa karibu na maji. Ukimzuia mkono mwenye kiu, na wewe ndoo unayo, mteremshie maji. Hapo ndipo atakuelewa.

Na wapo pia wale wa kijiji cha kando ya bahari, katika Suratu Aaraf kuanzia aya ya 163. Siku yao ya Sabato walikatazwa kuvua, na siku hiyo hiyo samaki walikuja juu juu. Wafasiri wanasema walitega nyavu kabla, wakatoa baadaye, wakajiona werevu. Watu wakawa makundi matatu: waliovunja, waliokataza, na walionyamaza wakisema mnawahubiria nini watu hawa.

Ndugu zangu wa Mazwi, sisi tuko juu milimani huku, wengi wetu hatujawahi kushika kasia. Tutajiweka kundi gani? Mwaka ule ziwa limefungwa, wapo waliokula migebuka mibichi. Samaki hakutembea kwa miguu kutoka Kirando. Alibebwa, akauzwa, akanunuliwa, akakaangwa. Mnunuzi naye ni mdau.

*Kazi ya leo*

Baada ya swali la yule mama, baadhi yetu tulichanga kidogo tukawapa kina mama sita mtaji wa kufanyia biashara ya maharage na mchele mpaka Agosti. Sikusema jambo hili wakati ule, nalisema leo ili tujifunze. Wanne walivuka. Wawili mtaji ulikatika. Tulipokaa nao baadaye tukagundua kosa: maharage tuliyachagua sisi. Hatukuwauliza wanajua kuuza nini. Kumbe hata katika kusaidia tulirudia lile lile.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Moja: kama unaishi kwa samaki, mvuvi, mchuuzi, dereva, mama lishe, usikae nyuma vikao vikitangazwa. Kule mialoni vipo vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali, vinaitwa BMU, vimewekwa kwa mujibu wa sheria. Ingia, sema, chagua na uchaguliwe. Mama zangu, nanyi pia.

Mbili: kama una nafasi ya kuitisha kikao chochote, cha mtaa, cha shule, cha ukoo, jiulize nani ataumia na uamuzi huu na hayupo hapa. Mtume aliulizwa kuhusu kisima na mtu aliyevijua visima. Mtafute mtu wa kisima.

Tatu: msikiti wetu uanze. Mwaka jana kamati, nami nikiwemo, tulihamisha sehemu ya kutawadhia ya kina mama bila kuwauliza, na mpaka leo wanapita matopeni mvua ikinyesha. Naomba radhi. Jumapili baada ya Alasiri, inshaallah, kamati itakaa na kina mama, wao waanze kusema. Hapo hapo tutazungumza na mfuko wa dharura, ili siku ziwa likifungwa tena, waliofunga wawe na futari. Mama wa migebuka nimemwomba awe wa kwanza kuzungumza. Amekubali, lakini ameniambia, "Usinipe dakika tano, ustadhi."

Ewe Mola wetu, tuzibie ubinafsi wetu, tufungulie masikio yetu. Wape riziki halali waja wako wa ziwani na wa baharini, wa bara na wa pwani. Yape baraka maji yetu na vilivyomo ndani yake. Wasamehe mashujaa wa Badri na utukusanye nao. Tukubalie saumu zetu, na usitufanye tukawa watu wa kushiba huku jirani amefunga bila futari. Amin.

Kesho inshaallah tutaendelea na adabu za kumi la mwisho. Mwenye swali aniandikie, na safari hii nitasoma kabla ya kujibu.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.